Barabara kuu ya mji: tufunge magari, tupanue trotwari, au tupite wote pamoja?

Kila mji wetu una barabara moja ambayo mtu akisema "nashuka mjini", hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Goma, mashariki mwa Kongo, ni bulevari ya Kanyamuhanga. Sake ni ile lami inayopita kati ya maduka kabla njia hazijaachana, moja ya Masisi na nyingine ya Minova. Rutshuru ni barabara ya taifa namba 2 yenyewe, na lori la Butembo linapita mlangoni pa muuza vitenge. Hapo ndipo soko, ndipo kituo cha pikipiki, na ndipo mtoto wa shule anavuka mbio kwa kuwa hajaonyeshwa namna nyingine ya kuvuka.

Katika vikao vya mtaa, swali la kuifanya barabara hiyo ipitike kwa miguu bila hofu hurudi kila mara, na majibu huwa matatu. Mmoja anataka magari yafungwe kabisa. Wa pili anataka yaendelee kupita, lakini trotwari, yaani njia za miguu kandokando ya barabara, ziwe pana. Wa tatu anasema ukingo unaotenga trotwari na barabara uondolewe, wote wapite sehemu moja kwa mwendo wa pole. Kila upande una miji ya kuonyesha iliyofaulu na kila upande una miji ya kuficha. Ninaandika kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka au kijana aliyesomea ujenzi ambaye ameambiwa achague na bado anasita.

Anayetembea kwetu ni nani?

Michoro mingi ya barabara za miguu inaonyesha mtu mwenye mkoba mdogo, anaangalia vioo vya maduka, kisha anakaa kunywa kahawa. Kwetu anayetembea ni mama mwenye beseni kichwani. Ni kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya viazi kutoka Kibumba. Ni mlemavu kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ametoka Petite Barrière, mpakani na Rwanda, na mzigo wa wafanyabiashara kadhaa nyuma yake. Hawa hawatembei kwa kujifurahisha, wako kazini. Mchoro usiowaona utapendeza siku ya uzinduzi na kuachwa mwezi unaofuata.

Kwa hiyo napima kila chaguo kwa mambo matano.

Kwanza ni usalama, na usalama hapa maana yake ni mwendo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, mita hizo 14 zimekwisha. Kwa kilomita 30 ni mita 8. Tena mwendo ukikatwa nusu, nguvu ya kugonga inabaki robo. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulitaka kilomita 30 kwa saa iwe kikomo mahali watu na magari wanapochanganyika.

Pili ni mzigo: chukudu, pikipiki na lori zitapita wapi na zitashusha wapi. Tatu ni riziki, ya mwenye duka na ya mama anayeuza chini, maana hawa wawili hawafaidiki sawa. Nne ni ardhi na maji. Goma imekaa juu ya lava, mawe yaliyomiminwa na volkano ya Nyiragongo, na ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, tukajenga upya juu yake. Kuchimba mfereji kwenye mwamba huo si sawa na kuchimba kwenye udongo. Tano ni gharama, na zaidi ya gharama, nani atatunza.

Chaguo la kwanza: kufunga magari kabisa

Copenhagen ilifunga barabara yake ya Strøget mwaka 1962, huku wenye maduka wakiogopa kufilisika, na hadi leo ni ya miguu. Curitiba, Brazil, ilifanya hivyo mwaka 1972 chini ya meya Jaime Lerner, na kazi ya kwanza ilipigwa mwisho wa juma mmoja ili wapinzani wakute imeshaanza. Lakini Kalamazoo, Marekani, iliyofunga yake mwaka 1959, iliyarudisha magari mwaka 1998. Watu wa huko walikuwa wamehamia pembezoni mwa mji na kuzoea kununua kwa gari, kwa hiyo katikati palibaki hamna mtu wa kutembea. Tofauti hiyo inatuhusu, kwa sababu wengi wetu tayari tunafika mjini kwa miguu au kwa pikipiki. Sharti ambalo Kalamazoo ililikosa, Goma inalo.

Jirani zetu wa Kigali walifunga kipande cha barabara katikati ya mji mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa kilikuwa lami tupu isiyo na kivuli wala kiti, hadi kilipojengwa upya kwa bustani, taa na viti, kikaitwa Imbuga City Walk. Gari likiondoka bila kitu kingine kuingia, pale pote panabaki jua na vumbi.

*Usalama.* Hakuna chaguo linaloshinda hili kwa mtoto na mzee, ila kuna fumbo moja la Goma. Usukani wa pikipiki una upana wa karibu sentimita 80, na baiskeli ya magurudumu matatu si nyembamba kuliko hapo. Ukikaza nafasi kati ya nguzo kwenye lango la barabara ili pikipiki isiingie, umemfungia nje mlemavu. Ukizilegeza ili yeye apite, pikipiki nazo zinapita. Nimeona wahandisi wakibishana juu ya nafasi ya nguzo saa nzima, lakini hakuna kipimo kitakacholimaliza. Panahitajika mtu wa kusimama pale, na mtu huyo analipwa mshahara kila mwezi.

*Mzigo.* Lamu inatufundisha kitu. Mji wake wa kale hauna magari, na bidhaa zinafika dukani kwa punda na mikokoteni. Chukudu ndiyo punda wetu. Barabara ikifungwa, malori yashushe kwenye depo mwanzoni na mwishoni mwa barabara, alfajiri au usiku, na chukudu zimalizie safari. Ila lazima ibaki njia iliyo wazi ya mita 3.5 hadi 4 kwa gari la wagonjwa na la zimamoto. Mtu aliyewahi kuona nyumba za mbao za Birere, mtaa wa Goma, zikiwaka hahitaji kuelezwa sababu.

*Riziki.* Muuza nguo, mpishi wa malewa, yaani mgahawa mdogo wa mtaani, na kinyozi wanapata. Muuza simenti na mabati anapoteza, kwani mteja wake anakuja na gari. Mama wa chini ndiye ninayemwogopea. Barabara ikishapendeza, mtu atasema beseni la nyanya linachafua. Nilimuuliza mmoja kwa nini hataki meza ndani ya soko. Akanijibu, "Mwanangu, mteja wangu ni mpita njia. Ukinitoa njiani umeniachisha kazi." Nafasi yake iandikwe kwenye mpango kabla jiwe la kwanza halijawekwa, pamoja na choo na maji. Baada ya hapo ni kuchelewa.

*Ardhi na maji.* Uso wote unafanywa upya. Mawe meusi ya lava tunayo, na mafundi wa kuyachonga tunao, ila yalale sawasawa: jiwe lililochomoza kidogo tu linamtosha mzee kujikwaa na linavunja gurudumu dogo la mbele.

*Gharama na utunzaji.* Kuanza ni rahisi, vizuizi viwili tu. Kumaliza ni ghali kuliko machaguo mengine yote, na taka za barabara nzima zinakuwa za mji kuondoa kila jioni. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, haitoshi.

*Inamfaa nani?* Kipande kifupi, cha mita 200 hadi 400, chenye barabara nyingine sambamba ya kubebea magari. Mita 400 ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Zaidi ya hapo, mwenye beseni atapanda pikipiki.

Chaguo la pili: magari yapite, trotwari zipanuke

Hili halina sifa ya kupigwa picha, lakini ndilo ninalodhani miji yetu mingi italihitaji. Chukua kamba upime kutoka ukuta wa duka hadi ukuta wa duka la ng'ambo. Tuseme umepata mita 14. Lori lina upana wa karibu mita 2.5, kwa hiyo njia ya mita 3 kila upande inatosha magari kupishana polepole. Zimekwisha mita 6, zimebaki 8, yaani 4 kila upande. Katika hizo 4, nusu mita karibu na ukuta ni ya mwenye duka kuning'iniza bidhaa, mita 2 ni za kupita na hazina ruhusa ya kitu chochote, na mita 1.5 kando ya barabara ni za wauzaji wa chini, miti na nguzo za taa. Leo mita hizo hizo 14 zinaliwa na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili na pikipiki zinazosubiri abiria.

*Usalama.* Kuvuka mita 14 kwa mwendo wa kawaida kunachukua sekunde 12 hivi. Kuvuka mita 6 ni sekunde 5. Kwa mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, sekunde 7 hizo ni nyingi. Kivuko kiinuliwe kilingane na trotwari, ili gari ndilo lipande na kushuka, si mtu. Kivuko kama hicho ni tuta na njia kwa pamoja, nacho kinapunguza mwendo hata siku ambayo hakuna polisi wa barabarani. Udhaifu ni kwamba usalama wote unasimama juu ya trotwari kubaki wazi. Kila inchi itaombwa: mwenye duka atataka kuweka friji, mwenye gari atataka kupanda na matairi mawili.

*Mzigo.* Lori linafika na mwenye simenti anaridhika, bora pawe na nafasi chache za kushushia zilizochorwa. Chukudu ndiyo inayobaki yatima. Inabaki barabarani na malori, na inapopanda mlima inasukumwa kwa mwendo wa mtu. Weka miteremko midogo kwenye ukingo ili iweze kuingia pembeni.

*Riziki.* Wenye maduka wengi hukubali chaguo hili haraka. Mama wa chini anapata ukanda wake wa mita 1.5, na afadhali ageuze uso kuelekea trotwari, mgongo kwenye miti, kuliko leo ambapo miguu yake iko karibu na matairi.

*Ardhi na maji.* Hapa Goma inatesa kweli. Lava ya 2002 ilipandisha barabara mahali pengine kuliko milango ya nyumba, na mahali pengine watu walijenga juu kuliko barabara. Trotwari inakutana na ngazi za kila aina. Mteremko unaofaa kiti cha magurudumu hupanda kipimo kimoja kwa kila 12 za urefu, kwa hiyo mlango ulio juu nusu mita unahitaji mteremko wa mita 6. Haiwezekani kuutoa mbele, utaziba njia. Ulaze kandokando ya ukuta, uhudumie milango miwili au mitatu kwa pamoja. Mfereji ufunikwe kwa vipande vya zege vinavyoweza kuinuliwa na watu wawili. Kifuniko kisichoinuka hakisafishwi, na mfereji usiosafishwa utarudisha maji dukani mvua ya kwanza ya Septemba.

*Gharama na utunzaji.* Si kidogo, lakini inagawanyika. Unaweza kujenga mita 100 mwaka huu na 100 mwaka ujao, na kila kipande kikafanya kazi peke yake.

*Inamfaa nani?* Mji ambao barabara yake kuu ndiyo barabara ya taifa. Sake na Rutshuru haziwezi kumwambia dereva wa lori apite kwingine wakati kwingine hakupo.

Chaguo la tatu: wote pamoja, kwa mwendo wa pole

Wazo hili lilianza kukua Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, likaingia katika sheria za nchi hiyo mwaka 1976: mtaa usio na trotwari wala ukingo, ambapo gari ni mgeni. Baadaye Mholanzi Hans Monderman alilipeleka hadi makutano yenye magari mengi mjini Drachten, akaondoa taa na alama. Hoja yake ilikuwa kwamba dereva asiye na uhakika hupunguza mwendo na kuwatazama watu machoni.

Utasema mitaa ya Birere tayari iko hivyo, na ni kweli kwa nusu. Tunachanganyika, lakini hakuna kinacholazimisha pikipiki kupunguza. Mtaa wa pamoja uliojengwa una lango jembamba la kuingilia, njia inayokatwakatwa na vitanda vya maua au miti ili isinyooke, na mawe yenye mngurumo chini ya tairi. Bila hivyo vitatu ni vurugu ile ile yenye jina jipya.

*Usalama.* Magari yakiwa machache na ya pole, ni salama. Yakizidi, watu wanasukumwa ukutani. Na asiyeona hana ukingo wa kufuata kwa fimbo. Malalamiko ya wasioona ndiyo yaliyochangia serikali ya Uingereza, mwaka 2018, kuziomba halmashauri zisimamishe miradi mipya ya aina hii isiyo na ukingo. Mkilichagua, wekeni angalau mstari wa mawe yenye mikunjo kandokando ya kuta, unaosikika kwa mguu na kwa fimbo.

*Mzigo.* Hapa chukudu na baiskeli ya magurudumu matatu zinapumua. Hakuna kupanda wala kushuka, na zinafika hadi mlangoni.

*Riziki.* Nzuri kwa maduka madogo na kwa wauzaji wa chini, kwani mteja husimama popote.

*Ardhi na maji.* Usawa mmoja ni rahisi kujenga, maji yanaelekezwa katikati. Lava yenye nyufa hunywa maji upesi, kwa hiyo mashimo ya kunyonya maji yanaweza kusaidia pale ambapo mfereji mrefu haujengeki.

*Gharama na utunzaji.* Nafuu kwenye mtaa mwembamba, ghali kwenye barabara pana.

*Inamfaa nani?* Mitaa inayotoka kwenye barabara kuu, yenye upana wa mita 6 hadi 8, isiyopitisha malori.

Kuna pia kufunga kwa saa

Bogotá imekuwa ikifunga barabara kwa magari siku za Jumapili tangu 1974. Addis Ababa ilianza siku zake mwishoni mwa 2018, na Kigali ina asubuhi zake tangu 2016. Silihesabu kama chaguo la nne, maana Jumatatu barabara inarudi kama ilivyokuwa, lakini ni kipimo kizuri. Mapipa, kamba na ruhusa ya mji vinatosha kukuonyesha kwa asubuhi moja yule atakayelalamika na yule atakayebaki.

Sasa, kulingana na hali yako

Kama barabara yako ndiyo ya taifa na malori hayana pengine pa kupita, panua trotwari, na uanze na vivuko vilivyoinuliwa mbele ya shule na kituo cha afya. Usidanganywe na picha za Copenhagen.

Kama una barabara mbili sambamba, watu wengi wanafika kwa miguu, na mji unaweza kweli kulipa walinzi na wazoa taka kila mwezi, fungeni kipande kifupi. Wauza simenti wapewe nafasi kwenye barabara ya pili kabla ya kufunga.

Kama ni mtaa mwembamba wa biashara ndogo, kama ile inayoteremka karibu na Petite Barrière, fanyeni wa pamoja, na muwaite wasioona na waendesha baiskeli za magurudumu matatu kwenye kikao cha kwanza, si cha mwisho.

Mji mkubwa kama Goma unaweza kuhitaji yote kwa pamoja: trotwari pana kwenye bulevari, mitaa ya pamoja pembeni, kipande kilichofungwa karibu na soko.

Na kama hakuna pesa ila ya rangi na mapipa, bado kuna kazi. Kaeni siku mbili, siku ya soko na siku ya kawaida, mhesabu wanaopita: wenye beseni, chukudu, watoto, pikipiki, malori, na saa zao. Pimeni upana kwa kamba kila mita 20. Kisha chora kivuko kimoja kwa rangi, weka mapipa manne yaliyojazwa mawe kubana njia pale, na muulize mama anayeuza karibu, wiki mbili baadaye, kama magari yanapunguza mwendo.